Mfereji wa Nakivubo na Bomba la Jikoni

Mama wa nyumba afunguapo bomba alfajiri na kukinga dumu la lita 20 kwa ajili ya chai, aghalabu hawazi maji yale yametoka wapi. Huyakumbuka siku yanapokatika. Hata hivyo safari ya maji hayo ni ndefu, na katika mji wa Kampala ina fundisho kwa kila nyumba, iwe ya askari kambini au ya raia mtaani.

Kampala hunywa maji ya Ziwa Viktoria. Kazi ya kuyateka, kuyasafisha na kuyasambaza ni ya Shirika la Taifa la Maji na Majitaka, lililoundwa mwaka 1972 ili kuihudumia miji ya Kampala, Jinja na Entebbe, nalo sasa huhudumia miji mingi ya Uganda. Mtambo wa kwanza wa Ggaba, kando ya Ghuba ya Murchison, ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Kadiri mji ulivyokua uliongezwa wa pili mwaka 1992, na wa tatu mwaka 2007.

Mwendo wa kazi ni huu. Pampu huvuta maji ziwani na kuyapitisha katika wavu uzuiao majani na takataka. Kisha hutiwa shabu, ambayo huzifanya chembe za uchafu zishikamane na kuzama chini. Maji ya juu huchujwa kwa mchanga, halafu hutiwa klorini ili kuua vijidudu. Klorini kidogo huachwa ndani ya maji kwa makusudi, iyalinde njiani. Baada ya hapo hupandishwa kwa pampu hadi kwenye matangi yaliyojengwa juu ya vilima, na kutoka huko huteremka yenyewe majumbani. Kilima cha Muyenga kimepata jina la Tank Hill kwa sababu ya matangi hayo. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi yeyote aliyewahi kupandisha dumu mlimani atafahamu ni nguvu kiasi gani inayohitajika kuunywesha mji mzima.

Lakini ghuba ile ile inayotoa maji ndiyo inayopokea uchafu wa mji. Mfereji wa Nakivubo hupita katikati ya Kampala, karibu na masoko na viwanda, ukikusanya takataka, maji machafu na yale yanayofurika kutoka vyoo vya shimo wakati wa mvua. Mwisho wake ni katika ghuba, kilomita chache tu kutoka Ggaba. Zamani kinamasi cha mafunjo kilichoko kati ya mfereji na ziwa kiliyachuja maji hayo bila malipo. Siku hizi sehemu kubwa ya kinamasi hicho imelimwa magimbi na miwa, na nyingine imejengwa. Uchafu ufikapo ghubani huurutubisha mwani, maji yakawa ya kijani, machujio yakaziba, na shabu ikahitajika kwa wingi zaidi. Gharama hiyo haina mlipaji mwingine ila mwananchi.

Ndiyo sababu moja ya mtambo mpya kujengwa mbali, huko Katosi katika wilaya ya Mukono, ambako maji ya ziwa ni safi zaidi. Ulianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 2020, nao waweza kutoa mita za ujazo 160,000 kwa siku, yaani madumu milioni 8 ya lita 20. Bomba lake kuu lina urefu wa kilomita zipatazo 50 hadi matangi ya kilima cha Naguru. Huko Bugolobi nako kumejengwa mtambo mkubwa wa kusafisha majitaka, wenye uwezo wa mita za ujazo 45,000 kwa siku. Juhudi hizo ni njema; walakini mabomba ya majitaka huwafikia wakazi wachache tu, na waliosalia hutegemea choo cha shimo na nidhamu yao wenyewe.

Basi wajibu wa kila nyumba ni wa pande mbili. Upande wa kwanza ni mtaroni: takataka zisitupwe humo, na choo kinyonywe kabla hakijajaa, si kufunguliwa mvua inyeshapo. Upande wa pili ni jikoni. Maji yaliyotoka safi mtamboni huweza kuharibika ndani ya dumu lenye utelezi, au kwa kikombe kilichochovywa na mkono mchafu. Dumu lisuguliwe kwa sabuni, lifunikwe, na maji yamiminwe badala ya kuchotwa. Klorini hupungua kadiri siku zipitavyo, na mabomba yaliyopasuka huingiza uchafu. Kwa hiyo maji ya kunywa, hasa ya watoto, yachemshwe.

Wahenga walinena: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Anayetupa uchafu mtaroni leo jioni hana ziwa jingine la kunywea kesho asubuhi.