ANAYEKATAA BUNDUKI SI MWOGA

Ndugu wa kazi na ndugu wa mji,

Tunasikia kwenye baa, na hata mlangoni mwa kanisa: "Kijana asiyetaka kubeba bunduki ni mwoga, tena amenunuliwa na adui." Sisi tunalikataa neno hilo.

Tazameni Wabelgiji wenyewe. Jean Van Lierde, Mkristo, alikataa uaskari mwaka 1949 kwa sababu dhamiri yake haikumruhusu kuua. Hakukimbia. Alitiwa boloko zaidi ya mara moja. Mwisho wakampeleka kuchimba makaa ya mawe kule Bois du Cazier, Marcinelle. Ninyi mnaoshuka chini ya udongo mnajua kama hiyo ni kazi ya mwoga! Huko akaona hatari, akaiandika, akafukuzwa. Tarehe 8 Agosti 1956 moto uliwaka katika mgodi ule ule, wakafa watu 262.

Na mtu huyo alikuwa rafiki wa Lumumba. Alikuwa kati ya waliomhimiza aseme mbele ya mfalme tarehe 30 Juni 1960. Mwoga gani huyo?

Ubelgiji ilitoa sheria ya kuwatambua watu wa namna yake mwaka 1964. Na sisi? Bula Matari hakuuliza dhamiri ya mtu. Chifu aliambiwa atoe vijana, vijana wakatolewa, miaka 7 katika Force Publique, na fimbo juu yake. Desemba 1941, katika kiwanja cha mpira cha Elisabethville, askari hao waliambiwa wapige risasi wafanyakazi wa migodi waliogoma kwa ajili ya mshahara. Wakapiga. Waliokufa ni baba zetu, na waliopiga walikuwa watoto wa vijiji kama vyetu. Siku ile tulihitaji watu wa kukataa!

Mtatuuliza: nani atalinda inchi? Hatusemi jeshi livunjwe, machozi ya Kivu tunayaona. Lakini Katiba ya 2006, kifungu cha 63, inaruhusu kuweka uaskari wa lazima kwa sheria, na kifungu cha 22 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini. Basi siku Bunge litakapoandika sheria hiyo, tunataka iseme wazi: anayekataa kuua apewe kazi ya hospitali, ya shule au ya barabara, kwa muda ule ule wa askari, wala asitiwe boloko. Wabunge watujibu kabla ya kurudi kutuomba kura.