Programu isiyobisha hodi



Juma hili tunazungumzia jambo ambalo kwa nje linaonekana kuwa la mafundi wa kompyuta, na kwa ndani ni la nyumba zetu. Ni programu zinazowekwa mtandaoni ili kuzuia kazi za watu zisichukuliwe bila idhini: filamu, nyimbo, vitabu, kaswida na mihadhara. Wenye kazi wanazitaka kwa sababu wanaibiwa. Watumiaji wanazishuku kwa sababu baadhi yake, ili zikijue kilichoibwa, hutazama kwanza kila kilichomo. Madai yote mawili yana haki ndani yake, na mzazi anayetaka nyumba yake isimame juu ya uadilifu hana budi kuyapima yote mawili.

Haki ya mwenye kazi

Tuanze na haki ambayo wengi huipuuza. Hapa Bweranyange, kama ilivyo kwingi Karagwe na Kyerwa, kibanda cha kuchaji simu huweza kuwa pia duka la filamu na nyimbo. Kijana huleta memori kadi yake, hutoa fedha kidogo, akajaziwa mpaka nafasi ikaisha. Katika kadi hiyo moja zimo filamu za kigeni zilizowekewa sauti ya msimuliaji wa Kiswahili, nyimbo za kila namna, na, tusisahau, kaswida na mawaidha.

Kuhusu kaswida wapo wanaojipa udhuru: maadamu ni sifa za Mtume, kuzinakili na kuzisambaza ni thawabu tupu. Hawajiulizi kwamba walioirekodi walilipia studio, wakalipa nauli, wakaacha shughuli zao siku kadhaa, wakitumaini kurudisha gharama kwa kuuza walichokitoa. Mwenye kibanda amepata, msikilizaji amepata, kikundi kimebaki na deni la studio.

Wanazuoni hawakuliacha suala hili bila jibu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Kuwait mwezi Desemba 1988, lilitoa azimio kwamba jina la biashara, haki ya utunzi na haki ya uvumbuzi ni haki za wenyewe, kwamba katika zama hizi zina thamani ya mali, na kwamba haijuzu kuzivamia. Sheria ya nchi nayo inasema hivyo. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, iliyozaa COSOTA, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imegusa pia uvunjaji wa haki hizo kwa njia ya kompyuta. Basi hakuna anayeweza kusema kwamba kazi ya mtu ni mali ya umma kwa sababu tu imo simuni.

Walinzi wa namna tatu

Hata hivyo, kukubali kwamba mali ilindwe si kukubali kila namna ya ulinzi. Programu hizi hazifanani, na anayezisifu zote au kuzilaani zote kwa pamoja huwa hajazitenganisha. Tuzifananishe na walinzi watatu: wa sokoni, wa njiani na wa chumbani.

Mlinzi wa sokoni hutazama kilichowekwa mezani. Mfano wake ni Content ID, mfumo ulioanzishwa na YouTube mwaka 2007. Mwenye kazi hukabidhi nakala ya kazi yake. Mashine huchambua sauti na picha, ikatoa alama inayoitambulisha kazi hiyo kama alama ya dole gumba inavyomtambulisha mtu. Kila video inayopandishwa hulinganishwa na hazina ya alama hizo. Zikifanana, mwenye kazi huchagua: video izuiwe, au iachwe naye apate fedha ya matangazo, au afuatilie tu jinsi inavyotazamwa. Kwa upande wa faragha mlinzi huyu ana nafuu, maana hutazama kile ambacho mtu mwenyewe amekileta sokoni. Kasoro yake ni nyingine: anajua mfanano, hajui idhini. Aliyepewa ruhusa na mtunzi na aliyeiba huwa sawa mbele yake, mpaka mmoja alalamike.

Mlinzi wa njiani hukaa kwa kampuni inayotuuzia intaneti, naye ana tabia mbili. Ya kwanza ni kufunga njia ya nyumba inayojulikana. Jirani zetu wa Kenya wameiona. Baada ya sheria yao ya hakimiliki kurekebishwa mwaka 2019, kampuni ya televisheni ya kulipia ya MultiChoice ilikwenda Mahakama Kuu kutaka Safaricom na Jamii Telecommunications zifunge tovuti zilizokuwa zikirusha mechi bila kibali, na Mahakama ikaamuru zifungwe. Mlinzi wa namna hii ana orodha ya majina mkononi. Hahitaji kufungua kapu la mpita njia. Humwambia tu kwamba barabara hii imefungwa.

Tabia ya pili ni kufungua kila kapu. Huko Ubelgiji, SABAM, chama kinachosimamia haki za watunzi, kilitaka mtoa huduma wa intaneti aitwaye Scarlet alazimishwe kuweka mfumo wa kuchuja mawasiliano ya wateja wake wote, bila ukomo wa muda na kwa gharama yake mwenyewe, ili nyimbo zilizoibwa zisipite. Shauri lilifika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ambayo tarehe 24 Novemba 2011 ilikataa. Majaji hawakusema kwamba watunzi hawana haki. Walisema kwamba haki hiyo haizifuti haki nyingine: uhuru wa kampuni kufanya biashara, ulinzi wa taarifa binafsi za wateja, na uhuru wa watu kupokea na kutoa habari. Waliongeza kwamba chujio kama hilo laweza kushindwa kutofautisha kilicho halali na kisicho halali, likazuia hata mawasiliano safi.

Mlinzi wa tatu ndiye wa kuogopwa zaidi, kwa kuwa huingia chumbani. Mwaka 2005, kampuni ya muziki ya Sony BMG iliuza nchini Marekani CD zilizokuwa na programu ya kuzuia kunakili. Mtu alipoiweka CD katika kompyuta yake ili asikilize, programu ilijipachika ndani na kujificha, hata mwenye kompyuta asiweze kuiona kwa njia ya kawaida. Mtaalamu mmoja, Mark Russinovich, aliigundua katika kompyuta yake na kuitangaza mwishoni mwa Oktoba mwaka huo. Ilibainika kwamba programu ilikuwa ikiwasiliana na kampuni kupitia mtandao, na kwamba waandishi wa virusi waliweza kuficha vitu vyao katika maficho hayohayo. Kampuni ililazimika kuziondoa CD hizo sokoni na kujibu mashitaka. Tuzingatie ni nani aliyedhurika: ni yule mwaminifu aliyekwenda dukani akalipa. Mwizi aliyepakua nyimbo zilezile mtandaoni hakuguswa na programu hiyo.

Kipimo cha Bweranyange

Wapo watakaosema kwamba faragha ni neno la Wazungu na kwamba sisi tuliishi bila hilo. Historia ya Bweranyange inawajibu. Hapa palikuwa makao ya wafalme wa Karagwe, na hapa, Novemba 1861, Omukama Rumanyika alimpokea John Hanning Speke akiwa safarini kutafuta chimbuko la Mto Nile. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa wamekwisha kuijua njia hii kutoka Tabora, na kituo chao kilikuwa Kafuro, jirani na makao ya mfalme. Mgeni hakupita Karagwe kama upepo. Alipokelewa, akaruhusiwa, ndipo akaendelea.

Speke alistaajabia wake wa ukoo wa kifalme walionenepeshwa kwa maziwa. Akamshawishi shemeji mmoja wa mfalme amruhusu kumpima mwili kwa utepe, akaandika vipimo vyake, kisha mwaka 1863 akavichapisha katika kitabu cha safari yake. Bibi huyo alikubali kupimwa. Lakini kukubali kupimwa ndani ya nyumba ni jambo moja, na kukubali vipimo visomwe na watu wa ng'ambo kizazi baada ya kizazi ni jambo jingine kabisa. Hilo ndilo suala lote la taarifa binafsi: idhini ya jambo moja haivuki ikawa idhini ya jambo la pili. Aliyeruhusu CD iimbe hakuruhusu ipeleke habari za kompyuta yake kwa kampuni.

Hodi na sitara

Sisi Waislamu tulifundishwa adabu hii kabla ya mashine hizi. Sura ya an-Nur inatuelekeza tusiingie nyumba za watu mpaka tuombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe, na Sura ya al-Hujurat inakataza kupelelezana. Kinasimuliwa pia kisa mashuhuri cha Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyesikia sauti ya maasi usiku akapanda ukuta na kumkuta mtu katika dhambi. Mtu yule alimkumbusha Khalifa kwamba, ikiwa yeye amekosea jambo moja, Khalifa amekosea matatu: amepeleleza, ameingia pasipo mlango, na hakubisha hodi. Umar akamwacha. Kosa lilikuwa la kweli, na mtazamaji alikuwa mtawala mwadilifu, na bado njia ya ukutani haikuhalalishwa.

Husemwa kwamba mtu mwema hana cha kuficha. Tuitazame simu ya mama mmoja wa kawaida. Mna majibu ya vipimo vya hospitali, ujumbe wa mgogoro wa ndoa aliouandikia sheikh, deni la ada ya shule, malipo ya kahawa ya mumewe, picha za mabinti wakiwa nyumbani bila mtandio. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo dhambi, na yote ni sitara. Tunafunga mlango tunapovaa si kwa kuwa kuvaa ni uovu.

Sheria ya nchi inakubaliana na adabu hii. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, familia yake, makazi yake na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na kuunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa sheria hiyo, anayekusanya taarifa zetu anatakiwa awe na sababu halali inayojulikana, nasi tuna haki ya kuuliza ana nini juu yetu na anakitumia vipi.

Tufanye nini majumbani

Kwanza, tuanze na mikono yetu. Kazi ambayo mwenyewe ameruhusu isambazwe, kama yafanyavyo masheikh wengi kwa mihadhara yao, tuisambaze kwa moyo mkunjufu. Ile ambayo mwenyewe anaiuza, tuinunue au tuiache. Kikundi cha kaswida cha jirani kinafikika. Kukiuliza bei si jambo gumu. Anayelalamikia walinzi huku kadi yake imejaa vya wizi anawapa hoja wale wanaotaka kuingia chumbani.

Pili, tujihadhari na programu za filamu za bure zinazopitishwa mkono kwa mkono, nje ya duka rasmi la simu. Aliyekwisha kudhulumu haki ya mtunzi, hatuna sababu ya kutumaini kwamba ataiheshimu haki ya mtazamaji. Programu ya kutazama filamu inapoomba kusoma ujumbe mfupi, majina ya watu na kipaza sauti, ikataliwe. Katika ujumbe mfupi ndimo zilimo habari za fedha zetu. Kila mzazi afungue mipangilio ya simu, atazame ruhusa zilizotolewa kwa kila programu, na aondoe zisizo na maana.

Tatu, wenye shule, madrasa na migahawa ya intaneti wanaotaka kuzuia tovuti za wizi wana haki ya kufanya hivyo. Wachague mlinzi wa orodha na wamwache mlinzi wa makapu. Waweke tangazo linalosema kinachozuiwa na nani anasimamia, na wasitunze kumbukumbu za nani alitembelea wapi pasipo haja.

Nne, mzazi anayesimamia simu ya mtoto afanye hivyo waziwazi. Mtoto aambiwe kwamba kuna usimamizi, aambiwe sababu, na usimamizi upungue kadiri anavyokua na kuaminika. Anayepelelezwa kwa siri hujifunza kuficha. Anayeelekezwa hadharani hujifunza kujichunga.

Ndugu wasomaji, mtunzi ana haki ya jasho lake na mwenye nyumba ana haki ya mlango wake. Mwizi wa kazi anavunja ya kwanza, programu ya siri inavunja ya pili, na dhuluma moja haiondolewi kwa kuongeza nyingine. Tuwalipe wenye kazi, na tudai kwamba atakayekuja kulinda haki zao aje kwa mlango, ajitaje, na asubiri kuambiwa karibu.

Wabillahi tawfiq. Tukutane juma lijalo, inshaallah.