AFYA ZETU: Matunda na Unene

Zamani mtu mwenye kitambi alisifiwa kwamba ameneemeka. Leo twajua kuwa unene uliopita kiasi hufuatana na kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo, wala maradhi hayo hayabagui tajiri na maskini. Uchunguzi wa serikali ya Kenya wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watu wazima 27 katika kila 100 walikuwa wamezidi uzito unaofaa, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Uchunguzi huo huo ulionyesha kuwa watu 94 katika kila 100 hawakuwa wakila matunda na mboga za kutosha.

Mtu apitaye soko la Toi kule Kibera, au soko la Kawangware, huona matikiti, mapapai, ndizi na mananasi yamepangwa vizuri. Kando yake pana karai la mafuta, lenye mandazi na viazi vya kukaanga. Hapo ndipo shilingi ya mnunuzi huamua afya yake. Wako pia wanaotaka kupungua upesi, wakaacha chakula chote na kula matunda matupu kwa majuma mawili. Je, jambo hili lafaa?

Kwanza tuseme ukweli juu ya faida yake. Matunda mengi yana maji na nyuzinyuzi, basi hujaza tumbo bila ya kuongeza nguvu nyingi mno mwilini. Gramu 100 za tikiti huwa na kalori zipatazo 30, za papai 43, na za ndizi mbivu 90. Viazi vya kukaanga vya uzito huo huo vyaweza kufika kalori 300.

Walakini matunda peke yake hayatoshi. Hayana vya kutosha vile vitu vinavyojenga mwili, vipatikanavyo katika maharagwe, ndengu, mayai na omena. Alaye matunda matupu hupungua, lakini sehemu ya kilichopungua ni nyama ya misuli yake, siyo mafuta tu. Hulegea kazini, njaa humshika, na akirudia chakula chake cha kwanza, unene nao hurudi.

Njia iliyo bora ni kubadilisha, wala si kuongeza juu ya yale ya zamani. Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari ipatayo gramu 30, yaani vijiko vya chai saba au zaidi. Fedha hizo zinunue ndizi au kipande cha papai. Mchana kula ugali wa kiasi, sukuma wiki tele na maharagwe. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kila siku. Tena, tunda lile lenyewe badala ya kunywa maji yake: bilauri moja hukamuliwa machungwa matatu au manne, na nyuzinyuzi nyingi hutupwa. Parachichi ni chakula kizuri, ila lina mafuta mengi, nusu yatosha.

Yaosheni matunda kwa maji safi, na ikiwezekana myakate wenyewe nyumbani, maana lililokatwa mapema hukusanya vumbi na nzi. Mwenye kisukari na mama mjamzito wasibadili chakula chao kabla ya kumwuliza daktari.

Nasi makarani tukaao vitini mchana kutwa, tukumbuke kutembea. Na wewe mkulima wa Makueni au Murang'a, usiuze maembe na maparachichi yote, kisha ukawarudia watoto na soda mkononi. Watengee fungu lao kwanza. Unene haukuja kwa siku moja, wala hautaondoka kwa siku moja: haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukipunguza.