Kadi ya Michoro Iwe ya Mwisho Kununuliwa

Kijana wa Ukunda akianza kupanga kompyuta ya kuchezea gemu na kuhariria video, neno la kwanza kumtoka kinywani huwa ni kadi ya michoro. Ni RTX ya namba gani? Ina GB ngapi? Imani iliyotanda, kutoka kwa wachezaji gemu hadi kwa wapiga picha za harusi, ni kwamba kadi ndiyo mashine, na vilivyobaki ni vya kujaza kasha tu. Kwa hiyo pesa nyingi huishia kwenye kadi, prosesa huwa "i7" yoyote itakayopatikana, na pawasaplai huwa ile iliyokuja pamoja na kasha. Imani hii ina makosa popote ilipo, lakini katika pwani ya kusini, kuanzia Likoni hadi Lunga Lunga, ni hasara tupu. Hapa kompyuta yafaa ichaguliwe kuanzia soketi ya ukutani: umeme kwanza, kisha joto na chumvi ya bahari, kisha prosesa na hifadhi kulingana na kazi yenyewe. Kadi inunuliwe kwa pesa zitakazobaki.

Stima yetu ina tabia zake. Diani ni mji uliokatwa ndani ya msitu, na nyaya hupita katikati ya miti ambamo mbega wanaishi. Shirika la Colobus Conservation, lililoanza kazi hapo mwaka 1997, limekuwa likipogoa matawi na kushirikiana na kampuni ya umeme ili nyaya zivikwe, wanyama hao wasife kwa kuzigusa. Tawi likiangukia waya wakati wa masika, au mnyama akigusa nyaya mbili kwa pamoja, nyumba nzima hukonyeza taa. Hata mtandao wa taifa haujasalimika: tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru na nchi ikazimika, na tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya yote ilikaa gizani kwa saa nyingi. Hata hivyo, giza refu halina madhara makubwa kwa kompyuta iliyozimwa. Kinachoiumiza ni kule kukonyeza, stima kutoka na kurudi kabla hujapata hata kuinua kichwa.

Hesabu yake ni nyepesi. Umeme wetu ni volti 240 wenye mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja huchukua milisekunde 20. Kanuni za ATX, zinazofuatwa na watengenezaji wa pawasaplai, hudai kwamba stima ikikatika, kapasita za ndani ziibebe mashine kwa takriban milisekunde 16 au 17. Hiyo ni chini ya mzunguko mmoja. UPS ya kawaida huhitaji milisekunde chache, aghalabu chini ya 10, ili kuhamia kwenye betri. Basi pawasaplai ya kweli ikiwa na UPS nyuma yake, mashine haitajua kwamba stima imekatika. Lakini pawasaplai ya bei ya chini, ambayo mtengenezaji alibana gharama kwa kuweka kapasita ndogo, haifikishi hata milisekunde 10 mzigo ukiwa mkubwa. Mwenyewe atanunua UPS, mashine iendelee kuzimika, kisha aambiwe UPS ni mbovu. Kosa liko ndani ya kasha.

Itazame hiyo pawasaplai kwa karibu. Ubavuni imebandikwa karatasi inayosema "500W", na nyuma yake mara nyingi kuna swichi ndogo nyekundu ya kuchagua 115 au 230. Hiyo swichi ni dalili ya muundo wa zamani, kwa kuwa pawasaplai za kisasa hujirekebisha zenyewe kati ya volti 100 na 240. Ikiachwa kwenye 115 kisha ichomekwe kwenye soketi ya Kenya, italipuka papo hapo. Nembo ya 80 PLUS nayo, iliyoanza mwaka 2004, inapima tu ni kiasi gani cha umeme kinachofika kwenye mashine badala ya kupotea kama joto. Haisemi lolote kuhusu kinga dhidi ya volti kupanda ghafla. Kadi kubwa za leo, kwa upande wao, huvuta umeme kwa mishtuko. Ndiyo maana kanuni ya ATX 3.0 ya mwaka 2022 ilitaka pawasaplai istahimili mshtuko wa hadi mara mbili ya uwezo wake kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. RTX 4060 inatumia wati 115 na mtengenezaji wake anapendekeza pawasaplai ya wati 550. RTX 4090 inatumia wati 450 na inapendekezewa wati 850. Anayechagua kadi kwanza amekwisha kuchagua gharama ya vyote vilivyo chini yake, bila kujua. UPS iliyoandikwa 650VA haitoi wati 650. Hutoa kama nusu tu ya namba hiyo au zaidi kidogo, na kadi kubwa ikianza kazi UPS hiyo italia na kuzima.

Pingamizi la kwanza ni la pesa, na ni pingamizi la haki. Mtu atasema: sina za kununulia vyote, acha nichukue kadi sasa, pawasaplai nzuri itafuata mwakani. Ingekuwa sehemu zote zina hatari sawa, ningekubali. Lakini katika kasha zima, pawasaplai ndiyo inayounganishwa na kila kitu, na ikifa vibaya inaweza kuondoka na mazabodi, kadi na diski zenye harusi ya mtu. Kadi hushuka bei mwaka hadi mwaka, ilhali pawasaplai nzuri huja na dhamana ya miaka 7 hadi 10 na kuhamishwa kutoka mashine moja hadi nyingine. Anayekusanya pesa polepole aanze na kile kitakachodumu na kukilinda kile kitakachokuja.

Joto nalo husahaulika, kwa sababu vipimo tunavyotazama mtandaoni vimefanywa katika vyumba vya Ulaya na Marekani vyenye nyuzi 20 au 21. Kipoza-prosesa hakiondoi joto lote. Huishusha prosesa hadi kiwango fulani juu ya joto la chumba. Tuseme kiwango hicho ni nyuzi 72. Chumba chenye nyuzi 21 kitaifikisha prosesa 93, nayo itaendelea na kazi. Chumba cha Msambweni mwezi wa Machi, chenye nyuzi 32 na bila kiyoyozi, kingeifikisha 104, na kwa kuwa nyingi hujizuia zikifika kati ya 95 na 100, itapunguza kasi yenyewe. Mwenye mashine amelipia kasi asiyoipata. Kipoza kikubwa zaidi, na kasha lenye matundu mbele na vichujio vya vumbi, vitampa kasi hiyo kwa bei ndogo kuliko kupanda daraja la prosesa.

Halafu kuna chumvi. Upepo wa kusi hutoka baharini moja kwa moja na kuingia nyumbani, ukibeba chembe ambazo feni huzivuta hadi kwenye mazabodi. Chumvi ya kawaida, unyevu wa hewa ukipita asilimia 75, hunyonya maji kutoka hewani mpaka iyeyuke, na pwani hii kiwango hicho hupitwa mara kwa mara, hasa usiku. Mashine ikiwa imezimwa na kupoa, vumbi lile huwa utando wenye maji ya chumvi juu ya njia za umeme. Ndipo unapoona kutu ya kijani kwenye miguu ya shaba na nafasi za RAM zinazokataa kusoma. Kasha la kioo kila upande lenye taa za rangi, linalovuta hewa kupitia mwanya mwembamba usio na kichujio, halifai kwa nyumba iliyo mita mia chache kutoka ufuoni, hata likipendeza vipi. Feni za kuingiza hewa ziwe nyingi kuliko za kuitoa, ili hewa yote ipite kwenye kichujio, na kichujio kioshwe kila mwezi.

Sasa niigeukie "i7", kwa sababu imani ya kadi hutembea pamoja nayo. Core i7-2600 ya mwaka 2011 ina viini 4 na nyuzi 8, na Core i3-12100 ya mwaka 2022 ina idadi ileile, lakini hiyo i3 inaiacha i7 mbali katika kila kazi. Jina la daraja halina maana bila kizazi. Mashine za ofisi kutoka Uingereza, zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk zinazouzwa kwa wingi, zinafaa sana kwa kazi za shule na hesabu za duka. Si msingi mzuri wa kujengea. OptiPlex 9020 na EliteDesk 800 G1 zina viunganishi vya umeme vya kampuni zenyewe, kwa hiyo pawasaplai ya kawaida ya dukani haiingii bila adapta, na zile za kasha jembamba hupokea kadi fupi pekee. Kijana anayenunua "i7" hiyo akitarajia kuipachika kadi kubwa amenunua mlango uliofungwa.

Kwa wahariri wa video jambo hili lina uzito zaidi. Kazi ya Diani ni harusi, hoteli, waendesha kaiti wa Galu, safari za Wasini na Kisite. Wapiga video wengi siku hizi hutumia kamera kama Sony A7 IV au Canon R6, ambazo zinaweza kurekodi H.265 ya biti 10 kwa mfumo wa rangi wa 4:2:2. Mafaili hayo yamebanwa sana na kuyafungua ni kazi nzito. Kadi za NVIDIA za mfululizo wa RTX 20, 30 na 40 hazina kifaa cha kufungua aina hiyo. Uwezo huo ulikuja na mfululizo wa RTX 50 mwaka 2025. Michoro ya ndani ya prosesa za mezani za Intel imekuwa nao tangu kizazi cha 11, mwaka 2021. Yaani i3-12100, prosesa ya daraja la chini katika ukoo wake, hufungua kwa kifaa chake faili ambalo RTX 4090 haiwezi kulifungua, na programu kama Premiere Pro hulitumia hilo. Lakini herufi moja inaharibu yote: i3-12100F na i5-12400F hazina michoro ya ndani. Wauzaji huzipendekeza kwa kuwa bei yake ni nafuu kidogo, na mnunuzi huambiwa kwamba mwenye kadi haihitaji. Kwa mchezaji gemu ni kweli. Kwa mhariri wa harusi ni kumnyima kile kile alichokifuata.

Hifadhi nitaigusa kwa ufupi. Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde ni GB 45 kwa saa, kwa hiyo harusi ya kamera mbili hujaza diski haraka. SSD iwe ya kazi inayoendelea, diski kubwa ya kawaida iwe ya kutunzia, na nakala ya pili ikae nje ya mashine.

Wachezaji gemu watanijibu kwamba wao hawahariri chochote, na fremu hutoka kwenye kadi. Ni kweli kwa gemu zenye michoro mizito, na mtu wa namna hiyo ana haki ya kuipa kadi fungu kubwa, baada ya umeme na upoaji kutimia. Lakini wengi wao wanatazama monita ya 1080p inayoonyesha fremu 60 kwa sekunde, na kadi inayotoa fremu 140 inapasha chumba joto bila jicho kuona tofauti. Gemu kama Valorant na Counter-Strike zenyewe hutegemea sana prosesa. Wengine watasema laptopu inamaliza ubishi, maana ina betri yake. Kwa mpiga video anayelala Shimoni leo na kesho yuko Kwale mjini, nakubali. Kwa anayekaa mezani saa nane kwa siku katika joto letu, laptopu itajizuia mapema, na sehemu yake ikiharibika nyingi haziwezi kubadilishwa.

Ombi langu ni kwa wenye maduka ya Ukunda na Mombasa, na kwa kila anayevuka kwenda kununua. Risiti iandikwe jina kamili na namba ya modeli ya pawasaplai, wala si "500W" pekee, na prosesa iandikwe kwa namba zote pamoja na herufi ya mwisho. Mashine iwashwe dukani ikiwa na mzigo, kwa dakika ishirini, kisha plagi ya UPS ichomolewe ukutani huku video ikiendelea kuchakatwa. Ikizimika, usilipe. Na fundi akikataa kuandika modeli ya pawasaplai kwenye risiti, mwachie mashine yake.