Toba Iendayo Mpaka kwa Jirani

Karani atunzaye fedha hafungi ofisi jioni kabla hajahesabu zilizomo sandukuni na kuzilinganisha na kitabu. Zikipungua senti 50 hatalala vizuri, kwa maana mkaguzi aweza kufika kesho bila kutoa taarifa. Lakini karani huyo huyo huweza kupiga magoti kando ya kitanda chake, akaomba msamaha wa dhambi zake zote, akalala usingizi mzito pasipo kuitaja hata moja kwa jina lake. “Dhambi zangu zote” ni neno jepesi mno kulitamka. Lililo zito ni kusema: Jumanne nilimwandikia yule mjane kilo 17 za kahawa, na mizani ilionyesha 19.

Habari ya Zakayo, katika sura ya 19 ya Injili ya Luka, yajulikana hata na watoto, nao hupenda zaidi pale alipopanda mti kwa kuwa alikuwa mfupi. Yafaa watu wazima wasimame mahali pengine. Zakayo alikuwa mkubwa wa watoza ushuru huko Yeriko, mtu wa hesabu, naye hakuishia katika kusikitika. Aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kila aliyemdhulumu kumrudishia mara nne. Sheria iliyo katika kitabu cha Hesabu, sura ya 5, iliridhika na pungufu ya hapo: mkosaji aungame, arudishe kitu kamili, kisha aongeze sehemu ya tano. Hata kama aliyedhulumiwa hakuacha jamaa wa kupokea, deni halikufutwa. Lilipelekwa kwa kuhani.

Mambo haya hayakubaki Yeriko. Mnamo Septemba 1929, Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana na daktari mmisionari Joe Church juu ya kilima cha Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja kwa siku mbili. Kutoka hapo, na kutoka Gahini katika Rwanda, ambako Daktari Church alikuwa na hospitali, ulienea uamsho ambao wafuasi wake waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Mwaka 1937 ndugu wa uamsho huo walifika Kabete, karibu na Nairobi, na baadaye ukaingia katika vijiji vingi vya Kenya. Watu huukumbuka kwa wimbo wake wa Kiganda, Tukutendereza, na kwa desturi ya kuungama mbele ya mkutano. Lakini lilikuwako jambo jingine lililoonekana hata na wasioamini, nalo ni kwamba walioungama walirudisha vitu. Walioiba walirejesha walichoiba, na wenye madeni ya siku nyingi walikwenda kuyalipa bila kudaiwa.

Kuungama hadharani kulikuwa na hatari yake pia. Mtu aweza kuzoea kusimama na kuusimulia uovu wake wa zamani kwa ufundi, kila mara akiutia chumvi kidogo, na watu wakamwimbia, huku mwenye mbuzi aliyeibiwa angali hana mbuzi. Mwingine huungama na dhambi za jirani, kazi ambayo hakutumwa na mtu. Yesu, katika Mathayo sura ya 5, hakumpeleka mkosaji mbele ya mkutano. Alimwagiza aliyeleta sadaka, kisha akakumbuka kwamba ndugu yake anamnung'unikia, aiache pale pale madhabahuni na kwenda kupatana naye kwanza.

Kwa mkulima, pagumu kuliko pote ni mpaka. Katika nchi ya Wakikuyu mipaka ya mashamba ilipandwa ule mmea wa maua uitwao itoka, na kuung'oa halikuwa jambo dogo. Torati nayo, katika Kumbukumbu sura ya 27, ilimlaani mwenye kuuondoa mpaka wa jirani yake. Walakini wachache huuondoa kwa siku moja. Jembe hula shibiri moja msimu huu na shibiri nyingine msimu ujao. Baada ya misimu 10 ni karibu hatua tatu, na mwenye jembe amekwisha kujisadikisha kwamba ni mvua iliyoubomoa ukingo.

Mtu wa namna hii akiguswa moyoni, hujaribiwa kuurudisha mpaka usiku, kimya kimya, kama alivyousogeza. Haitoshi. Jirani akiamka na kukuta mimea imehama, atadhani anafanyiwa hila mpya. Yampasa aende mchana, abishe hodi, aseme alilolitenda na tangu lini. Kisha waitwe wazee wawili wanaoujua mpaka wa zamani, na mimea ipandwe upya mbele ya wote. Mazao nayo yana hesabu yake. Ikiwa kwa miaka ile ukanda huo ulitoa madebe 10 ya mahindi, sehemu ya tano ni madebe mawili zaidi, jumla 12. Jirani aweza kuyasamehe yote, nayo ni hiari yake. Aweza pia kuyapokea yote 12 pasipo kusema hata ahsante, na aliyetubu hana la kumlaumu.