Michezo ya Kubembea na Vijana wa Nyanda za Kigoma
Miongoni mwa michezo ya video ya mapambano, ile inayojengwa juu ya kubembea, yaani mchezaji kurusha kamba yenye ndoano, kunasa mahali pa juu na kujirusha mbele, ina thamani ya kielimu ambayo wazazi na walimu wa Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, hawapaswi kuipuuza. Katika Bionic Commando, uliotolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwaka 1987, mhusika hawezi kuruka kabisa, bali hutegemea mkono wa chuma unaorefuka. Na katika Marvel's Spider-Man wa mwaka 2018, anayeachia utando anaobembea nao karibu na sehemu ya chini ya mbembeo husonga mbele kwa kasi, ilhali anayechelewa hupata kimo lakini hupoteza mwendo. Hiyo ndiyo kanuni ya pendulamu, yaani kitu kinachoning'inia na kuyumba, ambacho kasi yake huwa kubwa kabisa kinapofika chini, na mwanafunzi wa sekondari anaweza kuielewa vizuri zaidi akiiona ikitenda kazi kuliko akiinakili ubaoni. Mkoa wa Kigoma una mfano ulio hai zaidi, kwani sokwe wa Gombe, ambao Jane Goodall alianza kuwatafiti mwaka 1960, huning'inia matawini kwa mikono wakitafuta matunda, na msitu wao unatosha kabisa kuwa uwanja wa mchezo uliobuniwa nchini. Kwa hiyo, shule na halmashauri za Kasulu na Kibondo, badala ya kuwafukuza tu vijana kwenye vibanda vya gemu, ziwafundishe kuandika programu, ili wanaocheza kazi za wengine wawe watunzi wa kazi zao wenyewe.