Vumbi la Zamani Kifuani

Juma hili twanena juu ya mesotelioma. Ni kansa ya utando unaofunika mapafu, nayo mara nyingi huletwa na vumbi la asbestosi, lile jiwe lenye nyuzi lililotiwa zamani katika vigae vya saruji, mabomba na breki za magari.

Ugonjwa huu hukawia sana. Miaka 20, 30, hata 50 hupita tangu vumbi livutwe. Ndipo mtu huona pumzi imekuwa fupi katika kilima alichokizoea. Upande mmoja wa kifua humwuma, kikohozi kikavu hakimwachi, mwili hukonda. Maji hujaa kati ya pafu na mbavu. Waganga huyatoa, nayo hurudi.

Wengi watasema, ni kifua kikuu. Hata waganga walidhani hivyo huko Kimberley, Afrika ya Kusini, mpaka Daktari Sleggs alipoona kwamba wagonjwa wengine hawapati nafuu kwa dawa. Mwaka 1960 yeye, Wagner na Marchand walitangaza habari za wagonjwa 33. Baadhi yao hawakuchimba asbestosi kamwe: walikaa tu karibu na machimbo walipokuwa watoto.

Basi baba akiugua hivi, tusiseme ni uzee. Aende hospitali, amweleze mganga kazi zake zote za ujanani, hata zile alizozisahau nusu. Na mama aliyekung'uta nguo zake za kazi aseme vilevile, kwa maana wake nao wameugua kwa vumbi hilo.